Mtu Aliye Ndani ya Mashine

Bukavu, Kadutu
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kwanza goti. Nataka habari za goti kabla ya habari za mtu yeyote. Ujumbe wa mwisho ulipita katika midomo ya watu watatu mpaka kunifikia: wa kwanza alisema umeanguka ukitoka shambani, wa pili akasema uliteleza tu, wa tatu akasema uliumia ukicheza kwenye harusi. Mimi nimemwamini wa tatu. Kama ni kweli, pole, na hongera pia.

Sisi huku ni wazima, Mungu anatulinda. Papa Amani anakusalimu, bado anafundisha kule Bagira, na bado anarudi nyumbani na chaki kwenye nyusi. Amani amenipita kimo na sasa ananiita "maman mufupi". Mimi nimenenepa. Mtu akikwambia kazi imenikondesha, ujue huyo alikutana na mwingine. Mawese yako yalifika salama, na majirani wote walijua yamefika siku hiyohiyo, kwa harufu tu. Barua hii nampa mama mmoja mfanyabiashara anayerudi Shabunda kwa ndege ndogo, kwa sababu simu unaijua mwenyewe: mimi nikipata mtandao wewe uko shambani, na ukipanda kile kilima chenu cha kutafutia mtandao, mimi niko kazini nimezima simu.

Mulonda, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke unapotajwa, na usiongeze maneno yako katikati. Nakufahamu.

Mama, nimesikia unawaambia watu kanisani kwamba mwanao amekuwa mkubwa wa siasa Bukavu. Nakuomba uache kabla hawajaanza kuniletea barua za kuomba kazi. Sifanyi siasa. Niko katika ofisi ya uchaguzi ya mji, na mimi ni mkuu wa timu inayofundisha watu namna ya kupiga kura: karte yako ya kupigia kura uiweke wapi, siku hiyo uende wapi, mashine inaguswaje. Nani wa kumchagua, hapo hatugusi. Tunazunguka masokoni, makanisani, misikitini, kwa vijana wa taxi-moto, na kila mahali swali la kwanza ni lilelile: "Bikwembe biko wapi?" Watu wamezoea kwamba anayekuja kusema habari za kura huja na vitenge vyenye sura ya mtu. Sisi tunakuja na maneno matupu na viatu vyenye matope, na bado hawatufukuzi.

Nikueleze sasa habari za Maman Nabintu, maana ndiye aliyeirefusha barua hii. Ni jirani yangu, nyumba ya chini ya kwetu. Unakumbuka Kadutu ilivyo: paa lake liko sawa na kizingiti cha mlango wangu, na tukitaka kuongea, mimi nachuchumaa na yeye anainua kichwa. Ni mjane, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa ninaokutumia wakiwa wamekaushwa. Ana mdomo, Mama, ungempenda.

Lakini hajui kusoma, na sheria inamruhusu asiyejua kusoma kuingia na mtu wa kumsaidia. Tangu mumewe afariki, anayeingia naye ni shemeji yake, Papa Deo, mzee wa koti na kalamu mbili mfukoni. Uchaguzi uliopita Maman Nabintu alimtajia mtu anayemtaka. Papa Deo akaitikia kwa kichwa, akagusa mashine. Wakiwa njiani kurudi akamwambia, tena kwa furaha kabisa, kwamba amemchagulia mwingine, mzuri kuliko yule, ambaye familia nzima ilishakubaliana. Hiyo familia nzima ilikaa bila yeye.

"Alinisaidia mingi," Maman Nabintu aliniambia. "Ata kuchagua, alinichagulia."

Nikamuuliza mwaka huu atafanyaje.

"Mwaka huu minataka mukono yangu. Ata nikikosea, nikosee na mukono yangu."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Nilikuwa na mji mzima wa kufundisha, lakini kuanzia siku ile, kila nilipopanga somo nilikuwa nampangia mama huyu mmoja.

Mashine halisi ya mazoezi tulikuwa nayo moja tu, na shefu wetu hakutaka itoke ofisini, kwa ajili ya mvua, matope na wezi. Ndipo nikapata wazo, na wewe mawazo yangu unayajua. Tulichukua kartoni kubwa ya friji, tukabandika picha mbele yake. Si picha za watu, maana huku ukibandika hata picha ya padri wataulizana ni wa chama gani. Tulibandika vyakula: sambaza, maharagi, majani ya sombe na ndizi. Mtu anaingiza karatasi nyeupe kwenye ufa, anagusa chakula anachokitaka, na karatasi inatokea chini ikiwa na alama ya chakula hicho. Inatokaje? Ndani ya kartoni amekaa Bisimwa na mihuri ya viazi. Bisimwa ni mwenzangu wa timu, baba wa watoto wanne, mrefu, na alijikunja mle ndani kama kuku wa kupelekwa sokoni. Alikuwa anachungulia kupitia katundu kadogo aone mtu amegusa nini, kisha anapiga muhuri.

Tuliipeleka soko la Kadutu. Nilidhani chakula hakina chama, kumbe pale kila chakula kina safu yake, na kila safu ina prezidanti wake. Wauza maharagi walianza kuimba. Wa sambaza, wakiongozwa na Maman Nabintu, walipita kwenye foleni wakigawa sambaza za kukaanga, kila mpiga kura na kiganja chake. Niliona somo limekuja lenyewe. Nikamsimamisha mama mmoja akiwa bado anatafuna.

"Maman, umekula sambaza zao?"

"Nimekula. Biko bitamu."

"Na umechagua nini?"

"Si ulisema ni siri?"

Tulicheka mpaka wauza ndizi wakafunga biashara waje kuona. Maharagi yalishinda. Maman Nabintu alikataa matokeo, akadai kura zihesabiwe upya, zikahesabiwa upya, maharagi yakashinda tena. Lakini mimi nilikuwa namtazama mkono. Aliingiza karatasi mwenyewe, akagusa mwenyewe, akakunja mwenyewe, na akawa anarudi kwenye foleni mpaka tukamkataza. Nilijiona nimeshafika.

Mama, furaha ikizidi hugeuka. Jua lilitoka, mle ndani kukawa na joto na vumbi la samaki wakavu, na zamu ilikuwa ya mama mmoja muuza ndizi, mpole sana. Amegusa ndizi zake, anasubiri karatasi, mashine ikapiga chafya. Yule mama akashtuka, lakini amelelewa vizuri, akasema, "Pole." Na Bisimwa, ambaye naye amelelewa vizuri, akajibu kutoka ndani, "Asante, maman."

Soko lote lilianguka kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilikaa chini. Bisimwa akatoka, jasho linamtiririka, akapigiwa makofi kama mwanamuziki. Tukaenda zetu tukiamini tumefundisha.

Kufika katikati ya wiki, habari ilikuwa imepanda Funu na kushuka Panzi: ndani ya kila mashine ya kupigia kura amekaa mtu. Ametumwa kutoka Kinshasa, anaona unachogusa, anaandika jina lako. Wengine walijua mpaka chakula anachopewa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na hili kweli lilikuwapo, lilikuwa Bisimwa. Tulipita tukisema ile ilikuwa kartoni, mashine ya kweli haina mtu, na watu walitusikiliza kwa heshima ile ambayo mtu humpa mwongo mwenye umri mkubwa.

Jioni moja nikasikia naitwa kutoka chini. Nikachuchumaa mlangoni.

"Wabiwa, mwanangu. Mule mu machini ya kweli, nani anakaa?"

"Hakuna mtu, maman."

"Ule wa kwako alijibu asante."

Nikamweleza kartoni, Bisimwa, viazi. Alisikiliza yote. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Unajua, mi niko mujane. Niko na kiti moja mu soko. Kama kuko mutu mule ananiangalia, afazali Papa Deo. Ule, kwao minapajua."

Akaingia ndani. Mama, niliumia. Mama huyu alikuwa ameshaukomboa mkono wake, na mimi kwa ujanja wangu wa kartoni nilikuwa naurudisha kwa shemeji.

Asubuhi nilikwenda kwa shefu nikamwomba mashine ya mazoezi itoke, ifunguliwe sokoni, watu waone tumbo lake. Akanitazama juu ya miwani.

"Wabiwa, nilikutuma kuelimisha batu. Sikukutuma kubaonyesha muzimu."

Mashine haitoki, akasema. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho yake niliwaleta maprezidanti wa safu zote nne waje kumwomba wenyewe, Maman Nabintu akiwa mmoja wao, ingawa alisema anakuja kunisindikiza tu. Walikuja na beseni zao, kwani nani ataacha mali yake sokoni? Shefu alikuwa na mkutano. Wakasema hakuna neno, watasubiri. Wakakaa kwenye benchi la koridoo mbele ya mlango wake, beseni ya sambaza mbichi miguuni, na asubuhi hiyo jua lilikuwa linaingia vizuri sana kwenye koridoo ile. Kabla ya chakula cha mchana shefu alifungua mlango, akiwa na leso puani, akasaini mashine itoke.

Alikuja nayo sokoni mwenyewe, hakumwamini mtu. Fundi akaiweka kwenye meza ya muuza vitambaa, akafungua skrubu moja moja, akaondoa mfuniko. Wanawake wakasogea. Kulikuwa na waya, vyuma na nafasi isiyomtosha hata paka.

"Mwanaume hatoshi apa," akasema prezidanti wa maharagi.

"Labda iko mufupi," akasema wa sombe.

"Ata mufupi iko na miguu. Miguu anaweka wapi?"

Walikuwa wanaongea kwa uzito kabisa, Mama, na mimi nilikuwa nauma mdomo. Maman Nabintu akapenya katikati yao. Alikunja mkono wa blauzi yake, na kabla fundi hajawahi kumzuia akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa pembe zote, kama anavyopapasa chini ya beseni kuona kama samaki wamebaki. Fundi alikuwa amefumba macho. Shefu pia. Kisha akautoa mkono, akaufuta kwenye kikwembe, akawageukia wenzake.

"Hamuna mutu. Ni machini tu, masikini."

Wakaamini. Sikuamini jinsi walivyoamini haraka. Wiki nzima tulikuwa tumezunguka na megafoni, na ilitosha mwenzao mmoja apapase. Mashine ikafungwa, wakafanya mazoezi mpaka jioni, na shefu akarudi ofisini na fungu la sombe alilopewa. Lakini Maman Nabintu kama ataingia peke yake siku yenyewe, hilo hakuniambia. Papa Deo alikuwa ameshapiga pasi koti lake, nililiona limetundikwa.

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sisi wa kuelimisha siku hiyo tumefungwa mdomo, mafundisho yamekwisha, tunakwenda kupiga kura kama watu wengine. Kituo changu ni shule moja hapa Kadutu, na ndicho chake pia. Nilijikuta kwenye foleni nyuma yao. Maman Nabintu alikuwa amevaa kikwembe cha kanisani, na juu yake mwavuli. Aliyeushika ni Papa Deo. Foleni nzima, kutoka barabarani mpaka mlangoni, mzee yule alimfunika yeye, bega lake mwenyewe likiloa. Niliona itakuwa vigumu. Mtu mbaya unaweza kumkatalia, lakini mtu anayekushikia mwavuli utamwambia nini?

Wakafika mlangoni. Msimamizi akauliza, "Maman, uko na mutu wa kukusaidia?"

"Ni mimi," akasema Papa Deo, akiwa ameshaanza kukunja mwavuli. "Ni mimi siku yote."

Maman Nabintu akavua mfuko wake begani, akampa.

"Papa Deo, aksanti ya mwavuli. Unichungie na mufuko. Niko narudia."

"Lakini haujue kusoma."

"Sikukuya kusoma. Nilikuya kuchagua."

Akaingia. Papa Deo akabaki na mwavuli mkono mmoja, mfuko wa mwanamke mkono mwingine, na watu wote wa foleni wakitazama ukuta ili wasimtazame yeye.

Akakaa mle, Mama. Akakaa mno. Foleni ikaanza kunung'unika, kijana mmoja akauliza kama maman amelala mule. Mimi nilikuwa napitia moyoni kila somo nililomfundisha nikitafuta nililosahau. Msimamizi akaita, "Maman, kuko shida?"

Sauti yake ikatoka nyuma ya kijumba cha kartoni kinachomficha mpiga kura na mashine, tulivu: "Hapana, papa. Bado kidogo."

Hatimaye akatoka, karatasi imekunjwa vizuri, akaitia kwenye sanduku, akachovya kidole kwenye wino. Nje Papa Deo akamrudishia mfuko.

"Ulimuchagua nani?"

"Nilichagua."

Mzee akasubiri sentensi iendelee. Haikuendelea. Basi akafungua mwavuli, akamfunika, wakashuka kilima pamoja, na sitamsema vibaya, bega lake liliendelea kuloa mpaka nyumbani.

Kesho yake nilimfuata sokoni. Nilitaka kujua ni nini kilimkwamisha, maana kama mashine ilimsumbua yeye, imewasumbua wengi. Alikuwa anapanga sambaza zake. Nikamuuliza, maman, ulikwama wapi, ni picha au ni karatasi?

"Sikukwama. Nilimaliza zamani."

"Sasa ulikuwa unafanya nini mle?"

Aliendelea kupanga samaki kwanza.

"Nilisimama tu. Tangu niolewe, sijasimama pahali mutu haniangalie. Nikasema nikae mo kidogo."

Mama, nililia palepale mbele ya wateja wake, na yeye akanipa kiganja cha sambaza kama mtoto. Mtu wake kama alishinda au alishindwa sijui, maana hasemi, na simuulizi. Sambaza alizokupa wewe nimezifunga kwenye gazeti ndani ya mfuko mweusi, ni zawadi yake kwako. Uzianike tena jua moja kabla ya kupika.

Nisalimie Baba mdogo, umwambie kofia aliyoagiza nimeshaipata ila haikuwa na rangi anayoitaka. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka mikeka, ingawa mikeka yangu inamwaibisha mpaka leo. Nisalimie mke wa Mulonda na yule mchanga ambaye bado sijambeba, na mchungaji, na mama yule jirani wa upande wa mto ambaye najua amekaa hapo anasikiliza barua isiyo yake. Karibu, mama, hakuna siri humu.

Siri iko moja tu, nayo ni ya Mama. Mulonda, hapa acha sauti ya mwalimu, soma polepole.

Mama, na nyinyi huko mlipiga kura siku ileile. Wewe pia hukufundishwa kusoma, na tangu Baba atutoke kuna watoto wako wa kukusaidia, tena watoto wazuri, wanaokushika mkono njiani na kukubebea kiti. Sikuulizi ulimchagua nani. Usiniambie hata nikija. Nakuuliza kitu kimoja, na jibu ulitoe wewe mwenyewe kwa mdomo wako, si huyu anayekusomea, hata akikohoa, hata akisema barua imekwisha: siku ile, nyuma ya kile kijumba, ulisimama na nani?

Mwanao anayekupenda,
Wabiwa